Ngo, cha na ngwa: kisa cha Corolla iliyoambiwa imenoki

"Mwanangu, gari imenoki," ami aliniambia kwenye simu, shikamoo yangu hata hajaiitikia. Fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa ameisikiliza injini kwa dakika mbili, akaizima, akafuta mikono na kutoa hukumu: beringi za konirodi zimekwisha, krenki imeliwa, na kwa umri wa gari lile kusaga krenki ni kupoteza pesa. Atafute injini ya mtumba. (Krenki ni mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini; konirodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki.)

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A-FE ya lita 1.5, gia otomatiki. Ami ana miaka sabini na miwili. Gari hilo ndilo linalomletea machungwa kutoka shambani Muheza, ndilo linalompandisha milimani Amani kwa wakwe zake, na bei ya injini aliyotajiwa ingemeza machungwa ya msimu mzima. Nilimwomba asiliwashe tena mpaka nifike kwake Makorora. Kama kweli ni beringi ya konirodi, kila dakika injini inapozunguka krenki inazidi kuliwa, na mwisho konirodi hukatika ikatoboa bloku. Kama si hiyo, kusubiri nusu siku hakumgharimu kitu.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya neno moja. "Kunoki" tumelichukua kwa Kiingereza, na huko maana yake ni kugonga tu. Gerejini kwetu limepanda cheo: injini iliyonoki ni injini iliyokufa. Fundi akishalitamka, hakuna anayeuliza tena kinachogonga ni nini, kinagonga wakati gani, na nani alikigusa mara ya mwisho. Wazee wangapi wameuza gari kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya neno hili, sijui, lakini sikutaka ami awe mmoja wao.

Marehemu baba, mdogo wake ami, alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Tanga. Watu wa reli ni watu wa kusikiliza. Gurudumu la behewa hupigwa nyundo. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa Kiswahili, ila Jumamosi za utoto wangu nilizimaliza nikimshikia baba tochi chini ya magari ya watu, na vingi nilivyovifanya kwenye gari hili ni vyake. Kimoja ni cha somo langu, nacho ndicho nilichoanza nacho.

"Ami, niigizie inavyolia."

Aliniangalia kama mwenye kuuliza kama nimesikia vizuri. Kisha akaigiza. "Ikiwa hapa uani imesimama inafanya ngo, ngo-ngo, ngo. Nikipanda Amani inafanya cha-cha-cha-cha, kama njugu kwenye kikaango." Mke wake, ambaye namwita mama, alikuwa anakuna nazi barazani. Akasema bila kuinua uso: "Na ukiizima inafanya ngwa! Mara moja. Usiku nikiisikia najua mzee kafika."

Sauti tatu. Fundi alikuwa ameambiwa moja tu, kwamba gari linagonga. Tanakali sauti darasani tunazipitia kwa kipindi kimoja na kuziacha, lakini lugha yetu inatofautisha ngo na ko, cha na ti, pwa na ngwa, na kila moja inabeba uzito, ukali na mwendo wake. Mtu anayeishi na gari kila siku ameshalisikia. Akiulizwa aigize, hutoa habari ambayo hawezi kuitoa akiulizwa "tatizo nini". Niliziandika zote tatu kwenye daftari, na pembeni ya kila moja nikaweka ilipoanza. Cha, alisema, ipo tangu mwaka jana. Ngo ina miezi miwili, na imekuwa ikiongezeka. Ngwa, mama alikumbuka, ilianza kidogo kabla ya ngo.

Nikauliza swali la mwisho kabla ya kushika spana: mwaka jana gari lilifanyiwa nini? Ami akasema halikufanyiwa kitu, ila oili tu ilikuwa inavuja nyuma ya injini, ikabadilishwa sili. Sili ya nyuma ya krenki haifikiki bila kushusha giaboksi. Kwa ami hiyo ilikuwa habari ya kuvuja, haihusiani na kelele, kwa hiyo hakumtajia fundi wala asingenitajia mimi. Niliiandika, na nakiri kwamba siku ile sikuipa uzito unaostahili.

Kabla sijaenda mbele, niseme kila pigo la injini linavyojitambulisha, maana vipimo vyote vilivyofuata vinatoka hapa.

Beringi ya konirodi iliyolika hutoa ko nzito, kavu, kutoka chini ya bloku. Huwa na nidhamu: pigo huja mahali pale pale pa mzunguko, na ukipiga resi linafuata mwendo bila kukosa. Huzidi oili ikipata moto kwa sababu oili nyepesi haijazi tena pengo. Husikika sana unapoachia mafuta ghafla baada ya kupiga resi, na hupungua ukiizima ile silinda yenye ugonjwa, kwa kuwa hakuna tena mlipuko unaoisukuma konirodi. Beringi kubwa za krenki zenyewe ni nzito zaidi, na husikika injini ikibebeshwa mzigo. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi kukiwa na baridi kisha hunyamaza, kwa sababu aluminiamu ya pistoni hutanuka ikipata joto na kuziba nafasi. Pini ya pistoni hupiga mara mbili mbili. Vali na tapeti hutoa ti-ti-ti nyepesi kutoka juu, kwa nusu ya mwendo wa krenki, maana kamshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Na ile cha-cha ya mlimani si chuma kugonga chuma hata kidogo: ni petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda.

Ndiyo maana ami alipoigiza sauti mbili za tabia mbili, nilijua kuna angalau magonjwa mawili. Nikaamua kuyashughulikia mbalimbali, na nikaanza na ngo, kwa sababu ndiyo iliyohukumiwa.

Jumamosi ile sikuwasha kitu. Nilichomoa kijiti cha oili: ilikuwa chini kidogo ya nusu kati ya alama mbili, nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa inayoonyesha maji yameingia. Nilidondosha tone kwenye kitambaa cheupe juani nikalitandaza kwa kidole nikitafuta chembe zinazong'aa. Sikuziona. Hili halikutosha kumwachia huru mtuhumiwa, lakini beringi iliyofika hatua ya kugonga kwa sauti ya kuamsha nyumba kwa kawaida imeshaacha alama kwenye oili. Nikaongeza oili mpaka alama ya juu, nikaliacha gari lilale.

Jirani aliyekuwa akipita alishauri tuweke oili nzito zaidi, au ile dawa ya kopo, "itanyamaza." Inaweza kunyamaza kweli, na hilo ndilo lililonifanya nikatae. Oili nzito hujaza pengo na kuficha pigo, na mgonjwa anayefichwa maumivu hawezi kumwonyesha daktari panapouma. Anayeuza gari hufanya hivyo. Anayelitafutia tiba hapaswi.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, binamu yangu alikaa kwenye usukani, mimi nikasimama pembeni na simu ya kurekodi. Tulikuwa chini ya mkungu nje, si ndani ya banda. Naomba hili lisipuuzwe: moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua, na mtu anayesikiliza injini huinama juu yake kwa muda mrefu.

Ikawaka. Ngo ilikuwepo tangu sekunde ya kwanza na haikubadilika dakika kumi baadaye joto lilipofika katikati ya geji. Pistoni iliyolegea ikaondoka kwenye orodha, maana ingepungua. Beringi ya konirodi ikatiliwa shaka kidogo, maana ingeongezeka. Nikarudi kwenye rekodi. Injini isiyokanyagwa mafuta ilikuwa kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika, yaani krenki mara kumi na mbili na nusu kwa sekunde, mwendo usiohesabika kwa sikio. Lakini simu nyingi sasa zinaweza kupunguza kasi ya rekodi mpaka robo, na hapo mzunguko mmoja unakuwa mara tatu hivi kwa sekunde, mtu anaweza kugonga kidole mezani. Niligonga kidole. Ngo haikufuata. Ilikuja, ikaja tena, ikaruka, ikaja mbili karibu karibu. Ami alikuwa ameigiza sawasawa: ngo, ngo-ngo, ngo. Konirodi haina ruhusa ya kukosa mzunguko.

Hapo ningepaswa kushika njia moja kwa moja. Badala yake nilipotea kwa saa nzima, na naeleza nilivyopotea kwa sababu ni kosa ambalo ni rahisi kulifanya.

Nilichukua bisibisi ndefu, ncha nikaiegemeza kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kama baba alivyofanya kwa kipande cha nondo. (Nywele, mtandio na mikono ya nguo vifungwe kwanza; feni ya rejeta ya gari hili ni ya umeme na huanza bila kuaga.) Juu, kwenye kifuniko cha vali: ti-ti-ti ya tapeti, ya kawaida kwa umri huu. Katikati ya bloku upande wa mkanda wa taimingi, kwenye silinda namba moja: ngo ya mbali. Namba mbili, karibu zaidi. Namba tatu, zaidi. Namba nne, mwisho wa bloku upande wa abiria: ngo imejaa sikio. Nikashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, upande ule ule, ile ile. Nikasimama nikajiambia ni beringi ya namba nne, fundi alikuwa sahihi, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia ami.

Kilichonizuia ni kwamba baba hakuwahi kuamini kipimo kimoja. Chuma hupitisha sauti, na sehemu inayolia sana ni ile iliyo karibu zaidi na chanzo miongoni mwa zile ulizozigusa. Sikuwa nimegusa zote.

Kipimo cha pili ni kuzima silinda moja moja. Kinafanywa vibaya mara nyingi, watu wakichomoa waya ya plagi injini ikiwa inaunguruma na kuiacha ikining'inia hewani. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, unarusha mtu, na cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuua koili. Nilifanya hivi: nazima injini, nachomoa waya ya silinda moja, naichomeka kwenye plagi ya akiba iliyofungwa kwa waya kwenye chuma cha injini ili cheche ipate pa kupita, nawasha, nasikiliza kwa sekunde kumi na tano tu, nazima. Zaidi ya hapo petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi na kuharibu kichujio chake.

Namba moja ikizimwa, injini ikatetemeka, na ngo ikazidi kidogo. Namba mbili vilevile. Namba tatu vilevile. Nilipofika namba nne nilikuwa nimeshika pumzi. Kama ni beringi yake, ngo ilipaswa kufifia au kubadilika kabisa. Ikazidi kidogo, sawa na wenzake.

Nilikaa kwenye mzizi wa mkungu nikaliwaza hilo. Sauti inayopungua kwa silinda moja inamilikiwa na silinda hiyo. Sauti inayozidi sawasawa kwa zote nne haimilikiwi na yeyote kati yao. Inatoka kwenye kitu kinachozipokea zote nne kwa pamoja na kinachochukia krenki isipozunguka kwa ulaini. Silinda moja ikizimwa, krenki huenda kwa kusitasita, na chochote kilicholegea mwishoni mwake hupata nafasi zaidi ya kugonga.

Mwisho wa krenki ni miwili. Upande wa dereva kuna puli na mikanda ya alteneta, pampu ya maji na usukani. Nikaifungua mikanda yote, nikawasha kwa nusu dakika, si zaidi, maana kwenye injini hii mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji. Ngo ilikuwepo. Puli yenyewe nikaitikisa kwa mkono, imara. Ukabaki upande wa abiria, upande wa silinda namba nne, upande wa giaboksi. Nikarudi na bisibisi yangu, safari hii nikavuka mpaka wa bloku nikaiegemeza kwenye ganda la giaboksi, pale linapokutana na injini. Ngo ilinifanya niondoe sikio.

Na hapo ndipo maneno ya mama yalipata mahali pa kukaa. Ngwa! ukizima. Injini inapozimwa krenki hupiga teke dogo la kurudi nyuma dhidi ya mgandamizo, na kitu kizito kilicholegea nyuma yake hugonga mara moja.

Kipimo cha mwisho kilikuwa rahisi kuliko vyote, na natamani fundi wa kwanza angekifanya. Tuliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono ikavutwa, binamu akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu, watoto wote wakaondolewa mbele ya gari. Akatoa gia N, ya kusimama huru, akaingiza D, ya kwenda mbele. Ngo ikatoweka. Akarudisha N, ikarudi. D, kimya. Tulirudia mara tano kwa sababu ami alitaka aisikie mwenyewe, kisha mama naye akaacha mbuzi yake ya nazi akaja kusikia. Beringi ya konirodi ikibebeshwa mzigo haipati nafuu namna hiyo. Lakini kiungo kilicholegea kati ya injini na giaboksi hunyamaza, kwa kuwa mzigo wa D unakisukuma upande mmoja na kukibana hapo.

Sikutaka kumwacha mtuhumiwa wa kwanza bila hukumu kamili, kwa hiyo tulimalizia na oili. Niliazima geji ya presha kwa fundi wa mashine za boti, nikafungua swichi ya taa ya oili nikaifunga geji mahali pake. Taa nyekundu ya oili huzimika hata presha ikiwa bado ndogo sana, hivyo taa kuzimika hakumaanishi beringi ni nzima. Kwa injini za ukoo huu Toyota inataka angalau paundi 4 hivi kwa inchi ya mraba ikiwa moto bila kukanyagwa mafuta, na kati ya 36 na 71 kwenye mizunguko 3000. Tulipata 14 na 48. Kisha nikamwaga oili, nikapitisha sumaku ndani yake, na filta nikaikata kwa mkasi wa bati. Filta isikatwe kwa msumeno, kwa sababu msumeno utaingiza vumbi lake la chuma na kukufanya umsingizie krenki. Karatasi ya filta niliifungua ukunjo kwa ukunjo. Kwenye sumaku kulikuwa na tope laini la kijivu la uzee. Rangi ya shaba, ambayo kwa aina nyingi za beringi hutokea zikilika mpaka tabaka la chini na ambayo sumaku haiwezi kuishika, haikuwepo popote.

Sasa tulijua pa kutazama. Tulinyanyua mbele ya gari kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi za chuma. Si matofali. Tofali la kuchoma linapasuka bila onyo, na nimeshahudhuria mazishi ya kijana mmoja kwa sababu hiyo. Chini, kati ya injini na giaboksi, kuna kifuniko kidogo cha bati. Ukikiondoa unaiona ile sahani nyembamba ya chuma ambayo kwenye gari la otomatiki inashika nafasi ya flaiwili: inafungwa kwenye krenki katikati, ina meno ya stata pembezoni, na imefungwa kwa bolti sita kwenye konveta, lile bakuli zito la mafuta linaloupeleka mwendo kwenye giaboksi. Binamu aliizungusha krenki polepole kwa spana kwenye bolti ya puli, nami nikazigusa bolti moja moja zilipopita. Ya kwanza ilizunguka kwa kidole. Ya pili kwa kidole. Ya tatu haikuwepo. Tundu lake lilikuwa tupu. Ya nne imekaza kiasi. Ya tano kwa kidole. Ya sita imekaza. Kuzunguka matundu palikuwa na vumbi jekundu la kutu, unga wa chuma kinachosuguana na chuma, na tundu la bolti ya pili halikuwa tena duara, limekuwa yai.

Ami alilala chini juu ya mkeka ili aone. Alipotoka hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe mwaka jana."

Ndiyo, mwaka jana, giaboksi iliposhushwa kwa ajili ya ile sili. Bolti hizo hukazwa moja moja kwa kuchungulia kwenye kitundu na kuzungusha krenki, kazi ya kuchosha inayofanywa mwisho wa siku. Sijui nani aliikatisha na sitafuti kumjua. Zilizoachwa legelege zikaendelea kulegea kwa mwaka mzima wa barabara ya Muheza.

Kipimo cha nyumbani kiliishia hapo. Matundu yakishakuwa mayai, kukaza bolti ni kuahirisha, na sahani haibadilishwi bila giaboksi kushuka tena. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi mwingine. Nilimpa karatasi yenye matokeo yote, naye akaisoma mpaka mwisho kabla ya kufungua chochote, jambo lililonipa imani naye. Sahani ilipotoka ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka tundu moja la katikati kwenda jingine. Aliitundika kwenye waya akaipiga kwa spana: ilitoa pwa, sauti ya chungu. Ile ya mtumba aliyoinunua alipoipiga ililia mpaka mlangoni. Sikuwa nimemsimulia habari za baba na magurudumu ya reli. Gharama yote, sahani, bolti mpya, sili mpya kwa kuwa tulishafika pale, na kazi yake, ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya injini. Ngo iliondoka, na ngwa pamoja nayo.

Cha ilibaki, kama nilivyotarajia.

Ya mlimani huja kwa moto unaowahi. Plagi inapowasha mapema mno, au silinda ina joto mno, au petroli ni hafifu, mchanganyiko uliosalia hujilipukia wenyewe kabla mwali haujaufikia, na mishtuko yake hupiga kuta za silinda. Ikiachwa hutoboa pistoni, kwa hiyo nayo si ya kudharau. Kwanza nilishuku mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivi hasa, na wenye umri wangu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010. Ami akajaza kwenye vituo viwili tofauti kwa wiki mbili. Cha haikutikisika.

Ikabaki taimingi, yaani wakati ambao plagi inawasha. Kwenye injini hii unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha vipimo chini ya boneti, ili kompyuta iache kujirekebishia, kisha unamulika puli kwa taa ya taimingi. Alama inatakiwa isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ilisoma 17. Distribyuta ya 5A-FE, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, imekaa mwisho wa kichwa cha injini, juu kabisa ya giaboksi. Inawezekana ililegezwa ili mkono upate nafasi siku ile ile ya sili, ikarudishwa kwa sikio. Ndiyo maana ami alisema cha ilianza mwaka jana, mapema kuliko ngo: taimingi iliharibika papo hapo, bolti zilichukua muda. Nililegeza, nikazungusha mpaka 10, nikakaza, nikamulika tena, nikachomoa waya wa TE1.

Alhamisi iliyopita ami alipanda Amani na magunia mawili ya machungwa na mama kando yake. Alinipigia jioni kutoka kwa wakwe. Cha imebaki kwenye kona mbili za mwisho tu, pale penye mpando mkali zaidi, na akiweka gia kwenye 2 inaondoka. Nadhani ni kaboni iliyoganda juu ya pistoni. Akirudi Jumatatu nitapima mgandamizo wa silinda zote nne, na nimemwambia aje gari likiwa na joto.